Wasikilizaji 212 wa mwanangu

Wazazi wenye watoto wanaopiga muziki mnalijua swali hili. Linaulizwa harusini, linaulizwa msibani, linaulizwa hata kwenye foleni ya benki: "Na yule kijana wako mkubwa yuko wapi siku hizi?" Ukijibu kwamba anapiga muziki, linafuata la pili: "Bongo Fleva?" Ukisema hapana, anapiga jazi, hana kampuni wala meneja, na anajitangaza mwenyewe kwa simu, mazungumzo yanahamia kwenye habari za mvua.

Nimeona nijibu hapa kwa urefu. Mimi ni mtunza hesabu wa chama cha akiba na mikopo, na kwa miaka 19 kazi yangu imekuwa kuangalia pesa inaingia kutoka wapi na inatokea mlango gani. Mwanangu ana miaka 24. Tangu Januari nimekuwa nikiandika hesabu zake kwenye daftari, kwa makubaliano ya watu watatu: yeye, mimi na baba yake. Makubaliano yenyewe ni haya: hadi Desemba 31 apige tarumbeta yake bila kusumbuliwa na mtu. Baada ya hapo tunakaa mezani na daftari. Hesabu zisipoonyesha njia, Januari anaanza kazi kwa mjomba wake, mwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kwa mshahara wa shilingi 450,000 kwa mwezi. Mjomba amemshikia nafasi hiyo, lakini naye ana biashara ya kuendesha.

Tarumbeta aliijulia kanisani. Kwetu ni Machame, na kama sharika nyingi za Kilutheri kule Kilimanjaro, usharika wetu una kikundi cha matarumbeta. Alikuwa na miaka 11, tumekwenda likizo ya Desemba, babu yake mdogo akampa tarumbeta kuukuu iliyokuwa inaning'inia kwenye msumari. Aliporudi Dar hakuiacha. Majirani zetu wa Kimara wanaweza kutoa ushahidi.

Babu yake mzaa baba alipoambiwa mjukuu anapiga jazi alifurahi sana, kwa sababu alidhani ni jazi ile anayoijua yeye: Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, NUTA Jazz, Kilwa Jazz. Kwa wazee wetu neno hilo lilikuwa na maana ya bendi ya dansi, yenye magitaa na midomo ya bata. Hata Franco wa Kinshasa bendi yake iliitwa OK Jazz. Jazi ya mwanangu ni ile ya Wamarekani weusi, iliyozaliwa New Orleans zaidi ya miaka 100 iliyopita, ambayo mpigaji akishapiga wimbo mara moja anauvunja na kuutunga upya papo hapo mbele yako. Mzee alisikiliza dakika nne, akauliza, "Sasa atarudi lini kwenye wimbo?" Alirudi, lakini mzee alikuwa ameshalala.

Nalisema hili kwa sababu ndilo tatizo lote la biashara. Katika mtaa wetu wenye maelfu ya watu, wanaotaka kusikia kitu hicho huenda ni watatu. Dar nzima labda wanajaa ukumbi mmoja. Lakini ukiwakusanya walio Dar, Mwanza, Nairobi, Muscat na Leipzig, unaanza kupata hadhira. Mpigaji wa jazi haendi mtandaoni kutafuta umati. Anakwenda kuwatafuta wale wachache waliotawanyika, mmoja mmoja, kama mtu anayeokota mchele uliomwagika.

Na si jambo jipya sana. Hugh Masekela wa Afrika Kusini alipewa tarumbeta yake ya kwanza na padri Mwanglikana, Trevor Huddleston, aliyekuwa akihudumu Johannesburg. Huddleston alipoondolewa nchini humo alipita Marekani, akakutana na Louis Armstrong, akamsimulia habari za wale vijana. Armstrong akawatumia tarumbeta yake mojawapo, nayo ikaishia mikononi mwa Masekela. Hiyo ilikuwa 1956, hakuna intaneti, ila mtu anayemjua mtu. Miaka minne baadaye Huddleston huyo huyo akaja kuwa askofu wetu wa Masasi. Mwanangu anaipenda hadithi hii kuliko zote, na picha ya Masekela na tarumbeta hiyo ameibandika ukutani juu ya kitanda.

Sasa nieleze anachofanya, maana wazazi wengi tunaona mtoto ameinamia simu na tunahesabu yote kuwa ni kupoteza muda.

Alhamisi jioni, watoto wadogo wakimaliza kula, anaweka simu juu ya stuli sebuleni, anaegemeza na kopo la maziwa, anapiga. Anarekodi mara tano au sita, anachagua dakika moja. Hiyo anaiweka Instagram na YouTube. Hapo ndipo nilipodhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo inaanza. Saa nzima inayofuata anawaandikia watu. Anasikiliza mpiga kinanda fulani wa Nairobi aliyeweka kipande chake, anamwandikia ni sehemu gani imempendeza na kwa nini. Anamuuliza mpiga ngoma wa Kampala swali kuhusu mdundo. Anamjibu kila aliyemwandikia yeye, kwa jina. Kati ya wanaomjibu yuko kijana mpiga saksafoni aliyefundishwa Korogocho, kwenye ule mradi wa Ghetto Classics uliokuwa ukichangiwa na tamasha la jazi la Safaricom. Hawajawahi kuonana, lakini wanajuana kuliko mimi ninavyomjua jirani wa geti la pili.

Halafu wanapiga pamoja. Hili lilinishangaza mpaka aliponieleza. Wapigaji wa jazi dunia nzima wana nyimbo za pamoja ambazo kila mmoja amejifunza, kama waumini wenye kitabu kimoja cha nyimbo. Ukisema "bluzi, ufunguo wa F, mwendo huu", mtu wa Kimara na mtu wa Leipzig wote wanajua pa kuanzia. Mmoja anarekodi besi nyumbani kwake, anaituma, mwingine anaweka ngoma juu yake, mwanangu anamalizia na tarumbeta. Video ikitoka, kila mmoja anaiweka kwa watu wake, na wasikilizaji wa mmoja wanawajua wengine. Hakuna aliyemlipa mwenzake. Umeme ukikatika katikati, anamwambia mwenzake wa Leipzig asubiri, na yule sasa ameshazoea.

Mwanzoni mwa kila mwezi anaandika barua pepe moja, nusu ukurasa, kwa Kiswahili na Kiingereza: nimejifunza nini, nimetunga nini, nitapiga wapi. Inakwenda kwa watu walioomba wenyewe kuipata. Januari walikuwa 58. Mwisho wa Oktoba walikuwa 212.

Instagram ana wafuasi zaidi ya 6,000. Nilimuuliza kwa nini asihesabu hao. Akafungua simu akanionyesha: "Mama, hawa 6,000, nikiweka kitu, mtandao wenyewe unaamua wangapi wakione. Leo 900, kesho 70. Lakini hii barua nikiituma inafika kwenye sanduku la kila mmoja. Na huyu hapa, wa Mwanza, ananunua kila nikitoa kitu. Simjui sura." Nikaandika 212 kwenye daftari.

Nilipoanza kuuliza nani amewahi kuishi kwa njia hii, jina la kwanza nililopewa ni la mama mmoja wa Marekani, Maria Schneider, mtunzi anayeongoza bendi kubwa ya jazi. Mwaka 2004 alitoa albamu, Concert in the Garden, bila kuipeleka dukani hata moja. Aliiuza kwa intaneti tu, kupitia mtandao uitwao ArtistShare, ambako wapenzi wa muziki wake walichangia kabla albamu haijakamilika, na wakapata nafasi ya kufuatilia jinsi inavyotungwa na kufanyiwa mazoezi. Mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya Grammy, ya kwanza kwenda kwa albamu isiyouzwa madukani. Mimi tuzo hainisisimui sana. Kilichonigusa kama mtunza hesabu ni kwamba pesa ilitangulia kazi. Hakukopa na kutumaini. Watu waliomwamini walilipa kwanza, na wakalipia hata kuona anavyohangaika na nyimbo zake. Baadaye mama huyu huyu akawa mkali kwa makampuni makubwa ya mitandao. Albamu yake ya 2020, Data Lords, nusu yake inahusu jinsi makampuni hayo yanavyotumeza. Basi si mtu wa kudanganywa na teknolojia, na bado anauza kwa intaneti.

Mwingine ni Emmet Cohen, mpiga piano wa New York. Machi 2020, korona ilipofunga kumbi, alianza kurusha muziki mubashara kutoka kwenye nyumba yake ndogo ya kupanga, Harlem, yeye na wenzake wa besi na ngoma, Jumatatu baada ya Jumatatu. Watu wakawa wanamtazama kutoka kila pembe. Taratibu akaanza kuwaalika wapigaji wazee, na watazamaji wakachangia kile walichokuwa wakilipa kama kiingilio. Nimemtazama mara kadhaa nikipiga pasi. Unaona jikoni, unaona rafu ya vitabu. Lakini msikilize vidole vyake: yule kijana alikuwa amekwisha kuiva kabla kamera haijawashwa. Hapo huwa nasisitiza kwa mwanangu, na bahati nzuri naye anajua, kwamba saa tatu za mazoezi asubuhi haziguswi kwa ajili ya posti yoyote.

Yuko pia Jacob Collier wa London, ambaye wazazi wengi mtakuwa mmeletewa video zake na watoto wenu: kioo cha simu kimegawanywa vipande, na kila kipande ni yeye mwenyewe akiimba sauti tofauti. Alianza kuziweka YouTube akiwa kijana mdogo nyumbani kwao. Video yake moja ya 2013 ilienea mpaka ikamfikia Quincy Jones. Albamu yake ya kwanza, ya 2016, aliirekodi katika chumba cha muziki cha nyumba ya familia na akaiita hivyo hivyo, In My Room, na mwaka uliofuata akapata Grammy mbili. Watu husimulia hapo wakaishia kwenye Grammy. Mimi nilitaka kujua kuhusu hicho chumba. Mama yake ni mpiga fidla, mwongozaji wa okestra na mwalimu wa muziki, na nyumba ilikuwa imejaa ala. Kwa hiyo ukimwambia mtoto wako "mbona fulani alianza na simu tu chumbani", kumbuka chumba cha nani. Chumba cha mwanangu kina kitanda cha deka na mdogo wake anayesoma darasa la sita.

Niingie kwenye daftari sasa, kwa ruhusa yake.

Kuanzia Januari hadi Oktoba, nyimbo zake kusikilizwa kwenye mitandao kama Spotify na mingineyo zimemwingizia shilingi 41,000. Sijakosea sufuri. Spotify iliingia Tanzania 2021, na tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Nyimbo zake nyingi ziko chini ya hapo, basi zinasikilizwa bure, kama redio ya kinyozi.

Kuuza nyimbo moja kwa moja kwa mtu anayezitaka kumeingiza 286,000. Hapa anatumia Bandcamp, mtandao ulioanza 2008, ambao katika mauzo ya muziki wenyewe hukata asilimia 15, ukiacha ada za malipo, na kinachobaki ni cha msanii. Mtu akinunua albamu ndogo kwa dola 5, msanii anaondoka na zaidi ya dola 3 na nusu. Kichwa kinauma kwenye kuipokea pesa hiyo hapa nyumbani. Sisi tumeipitishia kwa binamu yake aliye Nairobi, na kila mara nadai risiti, hata kwa binamu.

Masomo ya tarumbeta kwa njia ya video yameingiza 1,120,000. Wanafunzi ni watatu, watoto wa Watanzania walioko nje, wawili Ujerumani na mmoja Muscat. Wazazi wao wanataka mtoto afundishwe muziki kwa Kiswahili. Wote watatu walitokana na ile barua ya mwezi.

Na maonyesho: 2,950,000. Hapa nilikaa naye tukafuatilia kila shoo imetoka wapi. Hoteli moja ya Masaki ilimwita kwa sababu mgeni wao mmoja alikuwa anapokea barua yake. Harusi ya Arusha ilitoka kwa yule wa Mwanza, ambaye alimtaja kwa dada yake. Zanzibar alipigia kikundi cha vijana waliosoma Dhow Countries Music Academy, ambao alianza kwa kuwaandikia komenti miaka miwili iliyopita. Hakuna shoo hata moja iliyotoka kwa mtu aliyebonyeza laiki akapita.

Jumla ni 4,397,000. Matumizi: bando 380,000, maikrofoni na kifaa cha kurekodia 640,000, usafiri 510,000, kurekodi nyimbo nne 800,000. Kilichobaki ni 2,067,000. Gawa kwa miezi kumi, ni kama shilingi 206,000 kwa mwezi. Mshahara wa mjomba ni zaidi ya mara mbili, na una bima ya afya. Sitaki mtu asome safu hii akadhani nauza ndoto.

Baba yake hutazama mstari huo wa mwisho. Mimi hutazama miezi: Januari alibakiwa na 22,000, Oktoba alibakiwa na 391,000. Tumebishana juu ya hilo mara mbili, kwa upole. Yeye anasema mwezi mmoja mzuri si mshahara. Nami nasema kazini kwetu mwanachama akileta hesabu zinazopanda hivyo, kamati ya mikopo humpa soda.

Kuna ukurasa wa daftari ambao sipendi kuufungua. Machi alitokea mtu aliyejiita wakala wa kutangaza muziki. Picha nzuri, maneno laini, shuhuda za wasanii. Akaahidi kwamba kwa shilingi 180,000 wimbo wao ungesikilizwa mara 50,000. Mwanangu na wenzake wawili wakachanga. Ndani ya siku tisa wimbo ulifika mara 38,000. Nyumba ilikuwa na shangwe. Mimi niliuliza jambo moja tu: barua pepe mpya ngapi zimeingia wiki hii? Hakuna. Waliomwandikia kuhusu wimbo huo? Hakuna. Alipofungua takwimu, karibu wasikilizaji wote walikuwa wa mji mmoja wa nchi ambayo hawana hata mtu mmoja wanayemjua. Ilikuwa mashine inacheza wimbo usiku na mchana. Wiki tatu baadaye kampuni inayowasambazia nyimbo ikauondoa, ikazuia na malipo mengine yaliyokuwa yakisubiri, kwa kosa la usikilizwaji wa kughushi. Yule wakala namba yake haipatikani tena.

Nilikasirika, na hasira yangu ni kwa mwizi. Hawa ni vijana waliokuwa wakifanya kazi kwa jasho, na mtu akawauzia kivuli. Mzazi mwenzangu, mtoto wako akija na ofa ya namna hiyo, huhitaji kujua lolote kuhusu muziki. Muulize kama wapo watu nyuma ya hizo namba, na kama yupo hata mmoja anayeweza kumwandikia ujumbe akajibu.

Kuna na mengine ambayo daftari halina safu yake. Kipande alichokifanyia kazi siku nne kinapata watazamaji 31, na kijana anakaa kimya mezani, anachezea ugali. Mwenzake wa rika moja anaweka kichekesho na paka, kinapata laki mbili. Tumekubaliana simu inalala sebuleni kuanzia saa nne usiku, ya kwake na za kwetu pia, maana huwezi kumwekea mtu mzima sheria usiyoifuata. Na binti anayeimba nao ana mzigo mzito zaidi. Kaka mtu akiweka video anaulizwa kuhusu muziki. Yeye anaulizwa kuhusu mwili wake, na wengine wanamtumia picha za aibu. Mama yake alifanya jambo ambalo nimelisifu: alikaa naye, wakaweka mipangilio ya kuzuia jumbe za wasiojulikana, na kwa muda yeye mama ndiye aliyekuwa akifungua inboksi kwanza na kufuta taka kabla binti hajaona. Binti hajaacha kuimba.

Jambo moja nililosisitiza mimi mwenyewe, na limeleta vicheko, ni kuhifadhi. MySpace ilikuwa zamani ndiyo uwanja wa wanamuziki wanaojitegemea duniani kote. Mwaka 2019 walitangaza kwamba katika kuhamisha mitambo walikuwa wamepoteza nyimbo zilizowekwa kwa miaka 12, kuanzia 2003 hadi 2015. Kuna watu hawakuwa na nakala nyingine. Basi mwanangu ana diski mbili: moja nyumbani, moja kwa shangazi yake Moshi, kwenye sanduku la vitenge. Ile orodha ya watu 212 nayo tumeichapa kwenye karatasi. Nyimbo zake anazotunga mwenyewe anazisajili COSOTA kabla ya kuzitoa. Zile za watu wengine, hata ziwe za zamani vipi, anauliza kwanza kibali kinatakiwa cha nani.

Tarehe ya makubaliano yetu inakaribia, na ameamua kuimalizia kwa namna yake. Anataka kurekodi albamu nzima, nyimbo saba, sita za kwake na moja ya yale matarumbeta ya kanisani Machame iliyogeuzwa. Mpiga kinanda atakuja kwa basi kutoka Nairobi, wa besi anatoka Unguja. Ni yule wa Nairobi aliyekuwa akimwandikia komenti, na watakutana ana kwa ana kwa mara ya kwanza stendi ya Magufuli. Studio siku mbili, pamoja na chakula na nauli, ni shilingi 1,500,000. Hakutuomba sisi. Aliwaandikia watu wake 212 kwamba anahitaji 60 walipe shilingi 25,000 kila mmoja kabla ya tarehe 28 Novemba. Wakilipa, kila wiki atawatumia sauti za mazoezi, makosa na yote, na jina la kila mmoja litaandikwa kwenye albamu. Wasipofika 60, kila mtu anarudishiwa pesa yake. Pesa zinakaa kwenye akaunti ya chama chetu na mimi ndiye ninayetoa stakabadhi.

Watu wanne wa kwanza walilipa ndani ya saa moja. Yule wa Mwanza alilipia nafasi mbili. Babu yake, ambaye bado anasubiri wimbo urudi, alituma 25,000 kwa simu na kuuliza kama kwenye albamu jina lake litaandikwa na cheo cha mzee wa kanisa. Mwalimu wake wa sekondari amelipa. Baba yake amelipa, usiku, bila kuniambia. Nimeona jina kwenye taarifa ya benki.

Hadi naandika haya wamefika 43, na zimebaki siku 11. Jana mjomba alipiga simu kuuliza kama vyeti vya kijana viko karibu. Nimemwambia viko kabatini, kwenye bahasha ya kaki, chini ya daftari.